Chenga ya Verna Saari

Kwa miaka thelathini na mmoja Verna Saari, aliyelea watoto wa watu nyumbani kwake mchana, alikuwa na ujuzi mmoja ambao hakuna aliyemfundisha, na mji mzima wa Kettle Lake, kaskazini mwa Marekani, ulimheshimu kwa ajili yake. Aliweza kumtoa mzazi nyumbani kwake bila mtoto kujua. Mama anaingia asubuhi na mwanawe, Verna anampokea, anambeba mpaka dirisha la jikoni na kusema, "Hebu tuone ndege wangapi wamekuja kula leo!" Huku nyuma ya mgongo mkono wake wa kushoto unapunga: nenda, nenda, nenda. Mama ananyata kushuka ngazi, anapita mashine ya kufulia, anapita mlango wa sauna, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke, anatokea kwa nyuma, na anapowasha gari mtoto bado anahesabu ndege. Hakuna kilio wala kung'ang'ania mguu wa suruali. Wenyewe waliiita chenga ya Verna. Wanawake waliipeleka mpaka miji ya jirani, na kuna mlezi mmoja kule ng'ambo ya ziwa aliyewahi kujisifu kwamba yeye ndiye aliyeibuni, jambo lililomuuma Verna kwa mwaka mzima.

Na hao ni watu ambao wakiagana wenyewe kwa wenyewe hawamalizi. Mgeni wa huko akitaka kuondoka hujipiga mapaja kwa viganja viwili na kusema, "Haya basi." Hapo hakuna anayeinuka. Baada ya robo saa anajipiga tena, anasimama, na mazungumzo yanaanza upya wakati anavaa viatu. Mlangoni anapewa chakula kilichobaki, kimefungwa kwenye karatasi ya fedha ya jikoni, anakikataa mara mbili, anakipokea mara ya tatu. Kisha mwenyeji anatoka naye mpaka kwenye gari, na kioo kinateremshwa, na habari ya maana kuliko zote, ugonjwa au uchumba, inasemwa hapo dirishani huku baridi inawatafuna wote wawili. Hayo yote ni kwa mtu utakayekutana naye tena dukani kesho asubuhi. Mtoto wa miaka miwili ndiye aliyepigwa chenga.

Verna hakuliona hilo. Asingeliona maisha yake yote kama si Junie.

Junie aliletwa Januari, miaka miwili na nusu, nywele zimesimama, kimya. Mama yake, Kaycee Novak, aliendesha lori la mgodini, yale malori ambayo gurudumu moja linamzidi mtu urefu, kwa zamu zinazodumu saa kumi na mbili. Walezi wawili walikwisha kumrudisha Junie kwa sababu alikuwa anang'ata. Kaycee hakuficha. Alisimama jikoni na buti zake, akasema, "Mama Verna, wewe ndiye wa mwisho. Ukishindwa, mimi naacha kazi, na kazi nyingine ya kulisha mtoto hapa mjini hakuna."

"Mimi sijawahi kumrudisha mtoto," Verna akamwambia, na ilikuwa kweli, na aliisema kwa maringo kidogo.

Junie hakulia kamwe. Chenga ilimfanyia kazi vizuri kuliko mtoto yeyote. Alitazama ndege, akageuka, akakuta mama hayupo, basi. Halafu baadaye, bila ugomvi wa kitu chochote, alimng'ata mtu. Mara nyingi mtu huyo alikuwa Emmett, mtoto wa miezi kumi na minne, mnene, mpole, anayekaa chini popote utakapomweka. Mwishoni mwa Februari alimng'ata shavuni, alama za meno zikakaa siku nne.

Jumatatu iliyofuata Brenna, mama yake Emmett, akaja na sahani ya keki.

Huko mtu akikuletea sahani ya keki pasipo msiba wala sikukuu, tafuta kiti ukae, habari mbaya inakuja. Verna aliiona ile sahani kupitia kioo cha mlango, akavuta viti viwili kabla ya kufungua. Brenna alizungumzia theluji. Alizungumzia mama mkwe wake. Alisifu mapazia. Ndipo akasema, akitazama sahani, "Sisi hatuna tatizo lolote, Verna. Hata kidogo. Ila mume wangu Todd anasema labda hadi mwisho wa Aprili hivi, tuone itakavyokuwa. Kama yule mdogo bado ana... ile tabia, basi pengine sisi tutatafuta mlezi mwingine. Au labda yeye ndiye aondoke. Lakini usijisumbue."

"Hapana, hapana, naelewa kabisa," Verna akasema. "Keki zako nzuri."

"Siyo nzuri. Zimekauka."

"Ni nzuri sana."

Kwa lugha ya huko hilo lilikuwa tangazo la vita. Verna alijua pia kwamba Emmett akiondoka kwa sababu ya meno, wengine wawili watafuata kabla ya mwezi kwisha, na hapo atalazimika kuchagua. Alikaa jikoni na kushika tama. Alimpenda Junie, hilo ndilo lililomtatiza. Alimpenda kwa jinsi alivyokuwa akipanga viatu vya wenzake mlangoni, jozi kwa jozi, vidole vikitazama nje.

Mwanamke wa ofisi ya wilaya anayekagua walezi ndiye aliyemwandikisha kwenye mafunzo: afya ya akili ya watoto wadogo, tangu kuzaliwa mpaka miaka mitano, kwa watu walio kazini, kwa njia ya mtandao, kila Jumanne saa saba mchana, wiki nane. Verna alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Mumewe, Wally, mchimba chuma mstaafu, alipolisikia jina la mafunzo alicheka mpaka akakohoa.

"Afya ya akili ya watoto? Emmett ana akili gani ya kuugua? Juzi amekula mshumaa."

"Nyamaza, mzee. Wewe na akili yako nzima umekula huo uliobaki?"

"Ulikuwa na harufu ya tufaha."

Saa saba ilikuwa saa ya watoto kulala, na Wally, ambaye jina lake lilikuwa kwenye leseni kama msaidizi, alikaa nao ukumbini na gazeti. Tatizo lilikuwa pa kusomea. Jikoni sauti inasikika, chumbani intaneti haifiki. Chumba pekee chenye mlango mzito na kimya cha kutosha kilikuwa sauna, kule chini. Basi Verna akawa anasoma ndani ya sauna iliyopoa, amekaa benchi la chini, kompyuta imekaa benchi la juu, mbao nyuma yake. Wenzake walidhani ana nyumba ya kifahari ya milimani.

Walikuwa watu saba kwenye kioo cha kompyuta. Verna alimpenda zaidi Duane, bwana mkubwa mwenye ndevu aliyekuwa akitembelea familia za wazazi vijana kule magharibi, na kila mara alihudhuria akiwa ameegesha gari kando ya barabara. Mwalimu wao, Renata, alikuwa Saint Paul, mji mkuu wa jimbo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya polepole na uvumilivu wa kuudhi. Alikuwa na namna yake. Hakusema ufanye nini. Ulimweleza mtoto amefanya kitu fulani, yeye anauliza, "Na wewe ulihisi nini?" Kisha ananyamaza. Ananyamaza kweli, dakika nzima, watu saba wanatazamana.

Verna hakuzoea kuulizwa alihisi nini. Kwao mtu anaulizwa barabara zikoje.

Jumanne ya pili mgongo ulimuuma Wally, naye, akisahau siku, akawasha jiko la sauna kwa swichi ya nje kisha akarudi kwenye gazeti lake. Verna aliona joto linapanda. Mtu mwingine angeomba radhi akatoka, lakini Duane alikuwa katikati ya habari ya mama mmoja wa miaka kumi na saba, na Verna aliona ni utovu wa adabu kumkatiza. Akavua sweta. Akafuta uso kwa taulo. Nusu saa baadaye jasho lilikuwa linamdondoka puani.

"Verna," Renata akasema taratibu, "naona habari hii imekugusa."

"Niko sawa, mwalimu."

"Unahisi nini mwilini?"

"Joto," Verna akasema.

Wote wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima.

"Joto hilo linatoka wapi?"

"Kwenye jiko. Mume wangu amewasha sauna nami nimo ndani."

Duane alicheka mpaka honi ya gari lake ikalia. Kuanzia siku hiyo Verna hakuwaogopa tena watu wale.

Jumanne ya nne ndipo jambo lenyewe lilipomfika. Kila mmoja alitakiwa kurekodi robo saa ya asubuhi, mtoto mmoja, kwa ruhusa ya mzazi, kisha kuitazama bila sauti na kuandika alichokiona kwa macho tu. Hakuna kuandika "kwa sababu". Kaycee alitia sahihi karatasi ya ruhusa bila kuisoma, akiwahi zamu. Verna aliegemeza simu kwenye mtungi wa biskuti, akafanya kazi yake kama kawaida, na watoto walipolala akashuka sauna na kalamu.

Aliandika: Mama anaingia. Mtoto ameshika kidole cha mama. Mlezi anambeba mtoto. Wako dirishani. Akaandika: Mkono wa mlezi unapunga nyuma ya mgongo. Mama anashuka ngazi. Akaendelea kuandika: Mtoto anageuka. Anatazama mahali mama aliposimama. Hapo Verna aliacha kuandika kwa muda, kwa maana siku zote wakati huo yeye alikuwa anasuuza vikombe na kuwapa watoto kisogo, hivyo hakuwahi kuuona uso ule. Junie hakulia. Alikwenda mlango wa mbele akagusa kitasa. Akaenda mlango wa jikoni akagusa kitasa. Akaenda mlango wa ngazi za chini. Mbele ya mlango huo alikuwa amekaa Emmett, na kijiko chake, kimya, amejaa njia nzima. Junie akamwinamia, mdomo wazi.

Verna alirudisha video nyuma mara sita. Hakuutazama mdomo wa Junie. Aliutazama mkono ule wa kushoto na pete yake ya ndoa, unavyopunga kwa ustadi, nenda, nenda, nenda, na akawaza watoto wangapi: aliwahi kupiga hesabu kwenye sherehe ya miaka thelathini, mia moja na kumi na wawili. Wengi wao ni watu wazima sasa. Mmoja ndiye anayemkata nywele. Aibu ilimpanda shingoni, na safari hii jiko halikuwa limewashwa.

Alipoionyesha video darasani alisubiri kuchapwa. Hakuna aliyemchapa. Renata akauliza alihisi nini, akanyamaza.

"Nilidhani hawalii kwa sababu wameridhika," Verna akasema mwishowe. "Kumbe hawakujua pa kuanzia kumtafuta." Kisha akasema, "Ule mkono ni wangu," ingawa kila mtu aliuona ni wake.

"Dada Verna," Duane akasema kutoka garini, "mimi nawafundisha akina mama wangu hivyohivyo. Jana tu nimemfundisha mmoja."

"Je, kuna mtu aliyewahi kukuacha hivyo ulipokuwa mdogo?" Renata akamuuliza Verna.

"Mimi? Mama yangu hakutoka nyumbani miaka ishirini. Tulimwomba aende mahali." Akafuta macho. "Hapana, mwalimu. Sina kisingizio. Nilipenda tu nyumba iwe kimya."

Kumwambia Kaycee kulikuwa kazi kuliko darasa. Alimsubiri jioni, akamwekea kahawa.

"Kesho hutapita chini, mwanangu. Utatokea mlango wa mbele, na utamuaga."

"Atalia."

"Atalia, ndiyo."

Kaycee akaweka kikombe chini. "Mama Verna, kila mtu aliniambia mpeleke kwa Verna, kwa Verna hawalii. Sasa unaniambia nimlize?"

"Nilikuwa nakosea." Maneno hayo Verna hakuwa na mazoea nayo, yalitoka yamekwaruza. "Anakutafuta mlango kwa mlango kila asubuhi, nami sikuwa naona. Akifika mlango wa mwisho anamkuta Emmett amekaa."

Kaycee alikizungusha kikombe mezani. "Mimi siwezi kuendesha lori lile na kilio chake kichwani," akasema. "Ndiyo maana nashuka zile ngazi mbio. Siyo kwa ajili yake. Ni kwa ajili yangu."

"Najua. Akinyamaza nitakupigia. Hata kama ni saa sita mchana, nitakupigia."

Siku ya kwanza Junie alilia dakika arobaini na saba. Kaycee alisema kwaheri, akambusu, akatoka akiwa ameuma midomo, na mtoto aliyekuwa hajawahi kutoa sauti akatoa zote alizozilimbikiza. Verna hakumpeleka dirishani. Alikaa naye sakafuni mbele ya mlango na kusema yaliyo kweli, kama alivyofundishwa: mama ameenda kazini, umekasirika, utakula, utalala, utaamka, atakuja. Alikuwa na hakika mafunzo yote ni upuuzi. Watoto wengine nao wakaanza kulia. Wally akachukua koti akaenda gereji.

Siku ya pili ilikuwa dakika arobaini. Siku ya tatu Wally hakwenda gereji. Alishuka sakafuni hatua kwa hatua, magoti yakialika, akakaa upande wa pili wa mtoto na miguu yake mirefu imenyooka.

"Unajua ubaya uko wapi?" akasema juu ya kilio. "Yule binti anaaga kama mtu wa jiji kubwa. Kwaheri moja, mara hayupo. Hata mimi ningelia. Mtu akitoka hivyo kwangu ningedhani nimemkosea."

Verna akamgeukia. Ndoa yao ilikuwa na miaka thelathini na minane, na kila baada ya miaka kumi hivi mzee huyu alisema jambo la maana.

"Mpeni mtoto kuaga kwa kikwetu," Wally akasema. "Haraka ya nini?"

Basi wakaagana kikwetu. Kaycee alikuja dakika kumi na tano mapema. Alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, buti na yote, akajipiga mapaja: "Haya basi." Asiinuke. Akasimulia kidogo habari za lori. Akajipiga tena, akaenda mlangoni, akavua na kuvaa glovu zake. Hapo Junie ndiye aliyekuwa mwenyeji: alimkabidhi mama yake biskuti moja ya chumvi, imefungwa kwenye karatasi ya fedha, na Kaycee alipaswa kuikataa mara mbili. "Hapana, siwezi, mtabaki na njaa." Junie aliisukuma. Mara ya tatu akaipokea. Kisha Verna alimvalisha mtoto koti, wakatoka mpaka kwenye gari, kioo kikateremshwa, mama akasema neno la mwisho, na wakapunga mikono mpaka taa nyekundu zikapotea kwenye kona ya kanisa. Junie alilia hata hivyo. Dakika kumi na moja. Kisha sita. Kuna siku alilia kidogo tu, kwa wajibu, halafu akaenda kupanga viatu.

Verna alipoyaeleza hayo darasani, Renata alicheka kwa mara ya kwanza, akaomba ruhusa ya kuwasimulia wanafunzi wengine. Verna akakataa mara mbili.

Kung'ata hakukuisha siku moja. Katikati ya Aprili Junie alimkabili Emmett na mdomo wazi, Verna akiwa mbali, mikono imejaa unga. Mtoto alitetemeka, akageuza kichwa, akang'ata mkono wa sweta yake mwenyewe. Brenna alizipata habari hizo, kwa kuwa huko kila mtu hupata habari. Alisema tu atapita Ijumaa ya mwisho saa kumi jioni, "tuzungumze kidogo, usijisumbue kupika."

Jumanne ya nane walimaliza. Cheti kilikuja kwa barua pepe, Wally akakichapisha maktaba na kukibandika kwenye friji chini ya sumaku yenye umbo la samaki. Alikisoma kwa sauti kila alipochukua maziwa. Verna alijifanya kuudhika.

Ijumaa hiyohiyo, siku tatu tu baadaye, alikuwa na miadi ya jino saa nne asubuhi. Lilikuwa limemsumbua wiki nzima. Wally angebaki na watoto kwa saa moja. Verna alichukua mkoba, akachungulia ukumbini: Junie alikuwa dirishani na wenzake, wanahesabu ndege, wametulia kabisa. Vizuri mno, akawaza, kwa nini niwavuruge. Akamtazama Wally, akampungia kidogo kwa mkono wa kushoto, akashuka ngazi za chini kwa vidole vya miguu, akapita mashine ya kufulia, akapita sauna, akatokea kwa nyuma.

Alifika mpaka kwenye reli. Treni ya kubeba chuma cha mgodini ilikuwa inapita, yale mabehewa marefu yasiyo na haraka, akazima injini kama ilivyo kawaida na kuweka mikono juu ya usukani. Alikuwa amehesabu mpaka behewa la sitini hivi alipouona mkono wake wa kushoto.

Alitamka neno ambalo hasemi mbele ya watoto. Akageuza gari katikati ya barabara, mbele ya lori la maziwa lililompigia honi, na akaendesha kama mwehu. Maili yote ya kurudi alifikiria shavu la Emmett na sahani ya keki na Kaycee juu ya lori lake, na cheti kilichobandikwa chini ya samaki. Alijichukia kwa moyo wake wote. Miaka thelathini na mmoja, wiki nane, na jino moja tu lilitosha.

Aliingia mlango wa mbele. Wally alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, ameshika taulo bila sababu.

"Aligeuka hukuwepo," akasema. "Sikujua niseme nini, Mama. Nikasema umeenda kufua."

Junie alikuwa kwenye mlango wa ngazi za chini, mkono umeshika kitasa. Emmett alikuwa amekaa miguuni pake, na kijiko chake, kama siku zote. Shavu lake lilikuwa zima. Mkono wa pili wa Junie ulikuwa juu ya kichwa cha Emmett, umetulia tu hapo, kama mtu anavyojishikilia kwenye ukuta.

Akamtazama Verna. Uso ulikuwa umelowa.

"Umesahau," akasema.

Verna alipiga magoti, mkoba ukamwagika. "Nimesahau, mpenzi wangu. Nilikosea. Nilitoka bila kukuaga."

Junie alifikiri. Kisha akaacha kitasa, akaenda kwenye kiti kidogo, akakaa, akajipiga mapaja kwa viganja viwili.

"Haya basi," akasema.

Hakuinuka. Verna naye akavuta kiti kingine akakaa, magoti yamefika kidevuni, na wakazungumza juu ya jino. Junie akaomba kuliona. Akajipiga tena. Akaenda jikoni, Wally akamkatia karatasi ya fedha bila kuambiwa, akarudi na biskuti. Verna akaikataa mara mbili. Akaipokea. Walimsindikiza wote mpaka kwenye gari, watoto watano na mzee amembeba Emmett, na alipoteremsha kioo Junie alikuwa na neno la mwisho la kumwambia: "Uje."

Daktari alikuwa amempa mtu mwingine nafasi yake. Verna alikaa kwenye maegesho akala ile biskuti kwa upande usiouma, akilia na kujisikia vizuri, kisha akarudi nyumbani.

Saa kumi Verna alisimama nyuma ya kioo cha mlango. Brenna alishuka garini, na Verna hakumtazama usoni, alitazama mikono. Ilikuwa mitupu. Hata mkoba hakuushika.

Brenna aliketi, akasifu mapazia yaleyale, akauliza barabara zikoje. Hakusema chochote juu ya Aprili. Aliposimama kuondoka, Emmett begani, Junie alikuwa tayari mlangoni na kitu kidogo kimefungwa kwenye karatasi ya fedha, amekiinua juu kwa mikono miwili, si kwa Brenna bali kwa Emmett, ambaye hakujua adabu akakinyakua mara ya kwanza.

"Jumatatu," Junie akamwambia.

Brenna akatazama chini, kisha akamtazama Verna, kisha akamweka Emmett sakafuni na kuanza kumfungua zipu ya koti. "Tunaweza kukaa kidogo zaidi," akasema. Waliondoka saa kumi na moja kasorobo.